Kila Alichokatazwa Yeye

Jumatatu, 4 Machi

Wifi yangu kaniletea daftari. Kasema niandike kila anachokula kaka yake, asubuhi, mchana na jioni, ili daktari akiuliza tusibabaike. Haya, naandika. Asubuhi: uji bila sukari, chungwa. Mchana: spinachi, karoti mbichi, samaki wa kuchemsha, wali vijiko viwili. Jioni: vile vile, na kanuna.

Daftari ni nene na Mzee anakula mara tatu tu kwa siku. Nafasi inayobaki nitaijaza mimi.

Mvua imeanza.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi: uji, papai. Mchana: nyanya, kabichi ya zambarau, maharage. Jioni: sahani imerudi nusu.

Mzee ni mume wangu. Mwezi uliopita moyo ulimwangusha ofisini kwake, idara ya maji, akiwa anagombana na mtu kuhusu bili. Alirudi kutoka hospitali na mfuko wa dawa na karatasi ya makatazo: nyama ya mafuta, ngozi ya kuku, siagi, vya kukaanga, chumvi. Kesho yake dada yake akahamia kwetu na masanduku mawili. Nyuma ya mgongo wake namwita Profesa. Alihudhuria semina ya lishe mahali fulani hotelini, na sasa anauza vidonge vya kusafisha damu na anajua kila kitu.

Leo kanifundisha. "Wifi, mwili unashika kutu. Kama bati la choo chenu. Kutu inakula mishipa ya moyo kwa ndani, na kinachoizuia ni antioksidanti. Ziko kwenye rangi. Nyekundu ya nyanya, zambarau ya kabichi, manjano ya karoti. Sahani isiyo na rangi ni sahani ya marehemu."

"Na wali?"

"Wali ni msiba, wifi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akatoa amri: sufuria ya mgonjwa ni moja, haiguswi na kijiko cha mtu mwingine. Anakula kaka yake, na anakula yeye pembeni yake ili kumtia moyo. Kabichi ya zambarau haitoshi watu watatu. Mimi nitakula kilichopo.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nimeshona sketi za shule kutwa. Mzee kala bitiruti na kulalamika.

Jumapili, 10 Machi

Wageni. Bosi wa Mzee kaja na kuku wawili wanono na kopo kubwa la siagi, "mgonjwa apate nguvu." Jirani kaleta keki. Shemeji kaleta nyama yenye mafuta ya kuning'inia. Sijui kwa nini watu wakisikia mtu kaanguka kwa moyo wanambebea kilichomwangusha.

Profesa akawachuna wale kuku kwa mikono yake, akaniachia ngozi na mafuta kwenye beseni. "Tupa hivyo."

Nitupe? Mimi? Mama yangu alituchapa kwa punje za wali zilizobaki sahanini. Niliikaanga ile ngozi kwa mafuta yake yenyewe hadi ikakauka, nikaila nimesimama pale pale jikoni, na chumvi. Ilikuwa tamu, sitaki kudanganya. Huko mezani ndugu wawili wanatafuna karoti, krrr krrr, na mimi huku napata raha yangu ya wiki.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimeona vioja.

Asubuhi nipo kwenye cherehani, nasikia bafuni: "Mama Watoto! Nakufa! Njoo nakufa!" Nimekimbia na sindano mdomoni. Mzee kasimama kashika ukuta, ananionyesha mkojo wake. Mwekundu pyu. Damu, nikajua ni damu.

Profesa naye kafika, katazama, kapiga makofi. "Kutu hiyo! Inatoka! Si nilisema?"

"Kutu gani, wewe? Kaka yako anakufa!"

Nilitafuta teksi kwenye mvua bila viatu. Hospitalini lifti ilikuwa mbovu, wakambeba kwa kiti hadi ghorofa ya pili na mimi nyuma na mfuko wa nguo zake. Kwenye ngazi pumzi ilinikatika. Nilikaa chini, kifua kimebana, siwezi kuita mtu. Muuguzi akapita akaniambia, "Mama, usikae njiani, kuna wagonjwa hapa." Nikasogea.

Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akauliza jana alikula nini. Bitiruti, nikasema. Juzi? Bitiruti. Basi akacheka hadi akavua miwani. "Ni rangi tu, mama. Inapita kwa watu wengine. Mrudisheni nyumbani."

Jioni walikuja wageni na Mzee akawahadithia jinsi kutu ilivyomtoka. Profesa kauza makopo matatu ya vidonge.

Jumamosi, 16 Machi

Mzee anapewa ute wa mayai, viini anaachiwa nani? Nimekula viini kwa mkate na siagi. Siwezi kusema nateseka.

Jumanne, 19 Machi

Mkono wa kushoto unauma, kuanzia begani hadi kidole cha mwisho. Ni huu wa kusukumia kitambaa. Shule zinafunguliwa karibuni na kila mzazi amekumbuka leo kwamba mwanawe ana miguu mirefu kuliko mwaka jana. Nimejisugua dawa ya maumivu, nikaendelea.

Asubuhi: uji, embe. Mchana: biringanya, spinachi. Jioni: sijui, muulizeni Profesa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Siagi ya bosi imekwisha.

Alhamisi, 28 Machi

Kaja binamu yake Mzee. Kanikuta nimebeba ndoo ya maji, kapu la mboga na nguo za mgonjwa, nimesimama katikati ya ua natafuta pumzi. Akacheka. "Shemeji, ng'ombe haelemewi na nunduze."

Aliyetunga methali hiyo hakumuuliza ng'ombe. Nimemwandalia chai, akanywa, akaniachia nyama ya mbavu.

Mzee zamani alikuwa akinipokea ndoo. Nakumbuka vizuri. Siku hizi nikipita na ndoo anainua miguu yake ili nisiilowanishe. Namwonea huruma, kifo kilimgusa, si mchezo. Lakini mtu akiugua, huruma anaila peke yake, hammegei mtu.

Jumatano, 3 Aprili

Taya linauma, upande wa kushoto. Likianza, hata kumeza mate ni kazi. Nikikaa kidogo linaachia. Nikipanda na kapu kutoka sokoni linarudi. Jino hili.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeng'oa jino. Yule bwana wa meno wa karibu na stendi aliligonga, akalitikisa, akasema, "Mama, mbona hili ni zima?" Nikamwambia ling'oe, mwenye maumivu ni mimi. Kaling'oa. Damu imetoka jioni nzima.

Mzee kala nyanya na maharage. Kaomba nisiguse sahani yake nina damu mdomoni.

Jumamosi, 6 Aprili

Taya bado linauma.

Jumapili, 7 Aprili

Binti yetu wa mwisho kaja. Ni msusi, anaishi chumba chake upande wa pili wa mji. Kaja bila zawadi, kakaa jikoni kaniangalia. Huyu mtoto ana macho ya baba yangu, hayapepesi.

"Mama, mbona umekuwa wa kijivu?"

"Ni mvua. Hakuna jua."

"Unakula nini?"

"Nakula kilichopo."

Kafunua sufuria ya mgonjwa, kaona mboga zote zile, kachukua sahani ili anipakulie. Profesa alikuwa mlangoni. "Hiyo ya baba yako!"

"Shangazi, hiki ni chakula, si urithi."

Basi ikawa vita. Wamepayukiana hadi Mzee kaita kutoka chumbani kwamba moyo wake hauhimili kelele, na mimi, mimi huyu, nikamnyang'anya mwanangu ile sahani nikamwambia asinivunjie nyumba. Kaondoka hajanywa hata maji. Nilimkasirikia siku nzima. Mtoto asiye na adabu.

Jioni nimekula zile mbavu za binamu, nilizozigandisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Leo ilikuwa zamu ya Mzee kwenda kliniki. Twende sote watatu, kasema Profesa, kavaa kitenge kipya.

Daktari yule wa miwani kampima, kapima tena. Presha nzuri. Uzito umepungua. Damu ina mafuta machache kuliko Februari. "Nimefurahi sana, mzee. Dawa umekunywa vizuri, na chakula kimebadilika, naona. Nyumbani mna mpishi mzuri."

Nilinyoosha kitambaa changu cha kichwa. Ndiyo, nilikinyoosha, nilijua sasa nitatajwa. Kila karoti aliyotafuna nimeimenya mimi. Kila jani la spinachi nimeliosha maji matatu kwa sababu akikuta mchanga anatupa sahani. Nimeamka kabla ya jogoo tangu Februari.

Mzee akasema, "Ni kazi ya dada yangu, daktari. Bila yeye ningekuwa kaburini."

Profesa akainama kwa unyenyekevu. Daktari akaniangalia mimi, sijui aliona nini, akauliza, "Na mama, wewe uko salama?" Kabla sijafungua mdomo Mzee kacheka: "Huyu? Huyu haugui. Huyu ni chuma."

Nikacheka nao. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba nilicheka. Miaka yote hii nimekaa na mtu huyu, nimemzalia, nimemshonea hadi suruali za ndani, na ameshindwa kunitaja mbele ya mtu mmoja. Sikutaka shukrani ya spika. Nilitaka aseme, "Na huyu hapa." Maneno matatu. Leo nimemchukia. Naandika hapa kwa sababu sina pa kulisema: leo nimemchukia mume wangu, na kesho nitamchemshia uji.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeshindwa kukanyaga cherehani. Nguvu hakuna, kichefuchefu. Jumapili Profesa kaalika ukoo mzima kula na kushukuru kupona kwa kaka yake. Mpishi, bila shaka, chuma.

Alhamisi, 2 Mei

Wodini. Mkono umeanza kutii, basi naandika.

Jumapili ile nilipika tangu alfajiri. Sufuria ya mgonjwa, na nyingine tatu za wageni, nyama, kuku, viazi vya kukaanga. Sebuleni Profesa alikuwa anatoa mhadhara wa kutu, nawasikia wanacheka. Nilikuwa nachuna kuku wa Mzee. Kifua kikabana, taya likashika, mkono ukawa si wangu, na jasho la baridi likanimwagika hadi kwenye kisu. Nikafikiri, hee, hata jino lisilokuwepo linauma? Nikaanguka na beseni la ngozi.

Nilikuwa sijazimia. Nilisikia kila kitu. Nilimsikia Mzee akiita kutoka mezani, "Mama Watoto, mbona kunanukia kuungua?" Akaita tena. Mara ya tatu akaita kwa hasira. Aliyekuja ni Profesa.

Sitausahau uso wake. Alipiga kelele moja tu, kisha akawa mtu mwingine, akanikalisha, akafungua nguo kifuani, akatuma mtu teksi. Hospitali ile ile, daktari yule yule. Daktari aliposema ni moyo, shemeji zangu walimsahihisha: "Hapana, mgonjwa wa moyo ni mume wake. Huyu ni presha ya uchovu tu, apewe glukosi." Daktari akawatoa nje wote.

Siku ya tatu, nilipoweza kuongea, akavuta kiti. "Mama, niambie ukweli. Wewe ulikuwa unakula nini?"

Nilimwambia. Ngozi, mafuta ya nyama, viini, kopo la siagi, keki za wageni, mbavu. Nilikuwa nikiongea naona kalamu yake imesimama.

"Kwa hiyo kila nilichomkataza yeye..."

"Nimekila mimi," nikasema. "Chakula hakitupwi, daktari."

Hakucheka safari hii. Akaniambia mishipa haizibi kwa msimu mmoja wa mvua, yangu ilianza kuziba zamani, pengine ilianza kabla ya Mzee. Lile bega, ile pumzi, lile taya, yote yalikuwa moyo unaniita. Wanawake wengi huitwa hivyo, alisema, kwa taya na mgongo na kichefuchefu, na wao hudhani ni jino au ni kazi. Nikaweka ulimi kwenye pengo la jino langu zima. Nililia kwa ajili ya lile jino kuliko kitu kingine chochote.

Nikamuuliza kuhusu kutu. Ni kweli au uongo?

"Ukweli umo," akasema. "Mboga na matunda yenye rangi yanausaidia moyo, ukiyala miaka na miaka, pamoja na dawa zako na kupunguza chumvi na mafuta. Vidonge vya dukani ni hadithi nyingine. Watu wengi wamepimwa wakivitumia, na havikuzuia mtu kuanguka. Lakini mama, hata karoti haimsaidii anayeimenya. Inamsaidia anayeila."

Jumamosi, 4 Mei

Profesa anakuja kila siku. Ananiosha miguu. Mtu wa masanduku mawili na semina, kapiga magoti na beseni, ananisugua visigino na haongei. Leo kaongea.

"Baba yetu alianguka mezani, wifi. Tunakula. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mkono wake wa kulia. Mama naye hivyo hivyo. Nikasema kaka hapana. Kaka simwachii." Kahamia mguu wa pili. "Sikukutazama wewe. Nilikuwa natazama sahani yake tu."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali, wiki nzima nimeyanoa. Nimeyatafuta nikayakosa. Kumbe aliogopa. Mimi nilidhani anatamba.

Vidonge hajaleta. Sikumuuliza.

Jumatano, 8 Mei

Mzee kaja. Kakaa kitandani kwangu dakika chache kwa sababu kiti kinamuumiza mgongo. Kasema Profesa hajui kupika, spinachi ina mchanga. Kasema usiku hapati usingizi. Kasema presha imepanda kidogo. Kauliza nitarudi lini. Nilisubiri aulize jambo jingine. Kengele ya wageni ikalia.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeruhusiwa. Teksi ilikuja na Mzee ndani. Binti alikuja kwa miguu. Nilipanda, kisha nikamwambia dereva asimame, nikashuka, nikapanda basi na binti hadi kwake. Sikupanga. Mzee alitoa kichwa dirishani akauliza, "Sasa mimi je?"

Jumanne, 14 Mei

Chumba cha binti ni kimoja, na asubuhi kinageuka saluni. Nalala nyuma ya pazia nasikia wateja wanasengenya. Ananipikia mboga, maharage, samaki, matunda. Wa kwanza kula ni mimi. Mara ya kwanza nilisimama na sahani karibu na jiko, akaivuta, akaiweka mezani, akaniambia, "Kaa, mama." Na huyu ndiye niliyemfukuza jikoni kwangu.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zinapungua. Nimetembea hadi kona na kurudi.

Shemeji wametuma ujumbe: mke huuguzwa kwa mumewe, watu watasema nini? Sikujibu.

Jumapili, 26 Mei

Mzee kaja, mchana, jua limetoka. Kasimama mlangoni na mfuko mkubwa. Nyanya, spinachi, karoti, kabichi ya zambarau. Kachagua mwenyewe sokoni, mtu ambaye hajawahi kujua soko limeelekea wapi.

"Nimekuletea dawa," akasema.

Moyo wangu, huu mbovu, uliruka. Mjinga mimi. Nilikuwa tayari nimeshamsamehe kabla hajaketi.

Kisha akasema, "Pika ya kutosha. Tangu Alhamisi sijala kitu cha maana."

Binti alikuwa anamsuka mteja. Mkono wake ulisimama kichwani kwa mtu. Mteja naye akageuza shingo, alitaka kusikia.

"Jiko lile pale," nikamwambia Mzee.

"Lipi?"

"Lile pale. Kisu kiko kwenye ndoo."

Alifikiri natania. Akaona sitanii. Akavua koti. Tulimtazama watu watatu akikata kabichi kama anayepasua kuni. Spinachi aliiosha mara moja, kwa haraka. Nilikaza meno, ulimi wangu ulitaka kumwelekeza, nikaukalia. Alijikata kidole kidogo akaniangalia. Binti akamrushia kitambaa.

Chakula kikaiva, kwa namna yake. Akapakua sahani mbili. Moja ilijaa, nyanya juu, karoti pembeni, imependeza. Nyingine ilikuwa na mabua na mchuzi. Ile iliyojaa akaiweka mbele yake. Ile nyingine akaisukuma kwangu. Hakuwa na ubaya wowote usoni. Alikuwa mtu anayefanya kitu anachokifanya kila siku.

Nikazibadilisha.

Akatazama sahani iliyo mbele yake, akanitazama mimi. "Mama Watoto," akasema taratibu, "mimi ni mgonjwa."

"Najua," nikamwambia, nikaanza kula.